Kampuni ikikiri na kulipa, isamehewe mashtaka?

Mwana Soweto: Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, naomba mawazo. Uingereza wana makubaliano ya kuahirisha mashtaka: kampuni inakubali maelezo ya kosa, inalipa, inapewa masharti, ikiyatimiza mashtaka yanafutwa. Yalianza kutumika Februari 2014. Ya kwanza kabisa, Novemba 2015, yalituhusu sisi: Standard Bank na zile fedha zilizolipwa hapa Tanzania. Na sisi tuige, au ni kuuza haki?

Kalamu Nyekundu: Ni kuuza, mchana kweupe. Mwizi wa gunia la viazi kule Umalila anakula miezi sita, benki inalipa na kesho inafungua milango kama kawaida. Kama yale madawati ya rada, tukapiga na makofi.

Binti Kalenga: Kamwene. Kaka Kalamu, usichanganye mbaazi na choroko. BAE, Waingereza waliotuuzia ile rada, walikiri kosa la kutunza vibaya hesabu, wakatiwa hatiani Desemba 2010, faini pauni 500,000. Zile pauni milioni 29.5 za vitabu na madawati zilikuwa juu ya hapo. Sheria ya kuahirisha haikuwepo bado.
Ya benki piga hesabu. Serikali ilitafutiwa dola milioni 600. Ada ilikuwa asilimia 1.4, ikapandishwa hadi 2.4, ile asilimia moja, milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya hapa ambayo kazi yake haikuonekana. Ada halisi ya benki, milioni 8.4, ikazidishwa mara tatu, ikaondolewa theluthi kwa kukubali mapema: faini 16.8. Wakarudisha na ile 8.4. Tanzania ikapata kama milioni 7, yaani ile 6 na riba. Na kosa lilikuwa kushindwa kuzuia rushwa.

Kalamu Nyekundu: Kwa hiyo mimi mjinga wa hesabu. Asante.

Wakili wa Forest: Kalamu, hujaitwa mjinga. Tatizo liko kwingine: Uingereza jaji lazima aridhike kwamba masharti ni ya haki na yanalingana na kosa, na mtu binafsi hapewi nafuu hiyo. Sisi tangu 2019 tuna majadiliano ya kukiri kosa, lakini hayo yanaishia kwenye hatia, na kampuni yenye hatia inaweza kukosa zabuni. Arthur Andersen, wakaguzi wa hesabu wa Marekani, walitiwa hatiani 2002, kampuni ikasambaratika. Mahakama ya Juu ya Marekani inaitengua hatia hiyo 2005, wafanyakazi walishatawanyika. Upande wa pili, Boeing, watengeneza ndege, waliahirishiwa mashtaka Marekani 2021 kwa dola bilioni 2.5, na 2024 Wizara ya Sheria ya huko ikasema wamekiuka masharti.

Mkulima wa Ilembo: Nimesoma yote, narudi juu. Kwa nini mwizi wa viazi awe wa Umalila? Sisi ndio tunaoibiwa! Mwizi anakuja na Fuso. Gunia ni kilo 100, yeye anataka lishonewe kilemba, linafika 130 na zaidi, bei ile ile. Ndiyo lumbesa.

Dalali wa Sido: Mzee wangu, anayeshona kilemba ni nani? Nalikuta limeshasimama kando ya barabara. Ukifunga la 100 na jirani yako akafunga la kilemba, tajiri wa Dar atachukua lipi?

Mkulima wa Ilembo: Kamba na maturubai mnaleta nyie!

Mwana Soweto: Jamani, mada ni benki.

Wakili wa Forest: Mada ni hiyo hiyo. Dalali akikamatwa na Wakala wa Vipimo anafifilishiwa kosa: analipa, Fuso inaondoka. Hakuna jaji, hakuna mkaguzi wa nje, hakuna miaka mitatu ya kuangaliwa kama ile benki. Faini anaiingiza kwenye bei ya nauli.

Dalali wa Sido: Nauli yangu imeingiaje hapa? Uza kwa kilo basi, tuone.

Mkulima wa Ilembo: Lete mizani kesho, nauza kwa kilo.

Dalali wa Sido: Ipo, ya kuning'iniza.

Binti Kalenga: Ya springi? Ikilegea inadanganya. Mzee, kabla hujatundika gunia tazama kama mshale umekaa kwenye sifuri, na kama stika ya ukaguzi ni ya mwaka huu.

Dalali wa Sido: Dada, stika ilibanduka na mvua.

Kalamu Nyekundu: Mwizi nimempata, na si wa Umalila.