Mtoto analia ukienda kazini: unamuaga au unamtoroka? Tupeane uzoefu

Mleta mada, Dar es Salaam

Habari za leo wazazi wenzangu. Binti yangu ana miezi kumi. Zamani alikuwa anabebwa na yeyote, hata mama muuza mboga alikuwa anapita naye mtaani huku mimi nafua. Sasa hivi nikivaa viatu tu, ameshajua. Anatambaa mbio, anang'ang'ania gauni, mdomo unaanza kutetemeka kabla kilio hakijatoka. Mama mkwe ninaekaa naye ananiambia, "Mwanangu, usimuage, unamliza bure. Pitia mlango wa uani, dada amwonyeshe kuku." Namheshimu sana mama, ila hili moyo wangu haulikubali. Ninyi mlifanyaje? Naomba tuelezane yale yaliyotutokea wenyewe.

Mama wa watatu, Tabata

Pole mwaya. Wangu wote watatu wamepita hapo. Kwa kawaida inaanza karibu na miezi minane, inakuwa kali kuanzia miezi kumi hadi mwaka na nusu, halafu inapoa taratibu. Zamani ukitoka machoni pake alikuwa hakuwazi sana. Sasa akili imekua: anajua upo mahali fulani, lakini hajui jioni ni nini wala kama utarudi. Ndiyo maana analia. Wanaosema umemdekeza wanakuonea.

Mimi huwa naaga, na maneno ni yale yale kila siku: "Mama anaenda kazini, jioni anarudi, tunakula ndizi." Nambusu, nampa dada, naondoka bila kugeuka mara mbili mbili. Kilio kipo, tena kikubwa, lakini dada ananipigia simu kabla sijafika kituoni nasikia mtoto anacheza.

Mdogo wangu tunaishi naye uwanja mmoja, yeye ananyata. Mtoto wake halii asubuhi, ni kweli. Ila mchana hawezi kulala vizuri, anashtuka na kupapasa godoro. Na jioni mama akirudi haruhusiwi hata kwenda chooni peke yake, mlango unagongwa mpaka atoke. Mtoto huyo amejifunza kwamba mama anaweza kuyeyuka wakati wowote, kwa hiyo analinda muda wote. Afadhali kilio cha mlangoni.

Baba pacha, Mwanza

Nami niongeze jambo ambalo watu wanalisahau: watoto hawafanani tangu tumboni. Kulwa wangu ukimpeleka harusini anaingia katikati ya wachezaji. Doto anajificha nyuma ya mguu wangu, anakaa hapo karibu saa nzima, ndipo anachungulia. Mama mmoja, ziwa moja, chumba kimoja. Ndugu wakawa wanasema Doto ana kiburi, hasalimii wakubwa. Iliniuma.

Kuna madaktari wawili wa akili wa New York, Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza mwaka 1956 kufuatilia watoto tangu uchanga. Waliona karibu asilimia 40 ni wepesi kuzoea mambo, asilimia 10 ni wagumu, na asilimia 15 ni hawa wanaohitaji muda kwanza, kama Doto wangu. Waliobaki wana mchanganyiko. Hawakusema hao wa kundi la tatu wana kasoro. Walichosisitiza ni kwamba malezi yaendane na mtoto uliyepewa.

Basi sisi kwenye shughuli tunafika mapema, ukumbi ukiwa bado mtupu, Doto azoee sura moja moja. Simsukumi "msalimie babu!" mbele za watu. Akishapoa anakwenda mwenyewe na shikamoo anatoa vizuri tu. Chekechea, mwalimu aliniruhusu nikae kwenye benchi nje ya darasa siku za mwanzo. Kulwa hakuhitaji hata kuniangalia.

Muuguzi mstaafu, Bukoba

Wanangu, nimefurahi kuona mnaongea haya. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alijifunza mambo haya hapa jirani zetu Uganda, mwaka 1954 hadi 1955, akitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala. Alitaka kuangalia mtoto anavyoachishwa ziwa, maana Waganda walikuwa na desturi ya kumpeleka kwa bibi asahau ziwa. Akaishia kuona jambo pana zaidi: mtoto mwenye imani na mama yake anamwacha, anatambaa kwenda kuchunguza vitu, anamtupia jicho, anarudi kumgusa, anaondoka tena. Mama yupo, ndiyo maana anathubutu.

Pia aliona watoto wale hawakushikamana na mama peke yake, bali hata na baba, bibi, au dada mkubwa. Kwa hiyo mleta mada, mama mkwe wako ni hazina. Mtoto akiwa na watu wawili watatu anaowaamini, kuondoka kwako kunakuwa chepesi. Kliniki nimeona wengi waliokuja na bibi, wakichomwa sindano wanamkimbilia bibi huyo huyo na wanatulia.

Mama Mombasa

Mimi nazungumzia dada wa kazi. Wetu alilea mwanangu tangu likizo ya uzazi ilipokwisha mpaka mtoto akawa na miaka miwili. Kwao kulitokea msiba, akaondoka alfajiri mtoto amelala. Mtoto akawa anasimama mlango wa jikoni anamwita, kisha akaacha kula uji, maana uji alikuwa anapewa na dada. Watu wazima tukasema atasahau. Alichukua muda mrefu sana. Tulimpigia dada simu ya video, wakaongea, akalia, ndipo akaanza kula. Jamani, dada akiondoka naye aagwe.

Mleta mada

Asanteni sana, hasa bibi yetu wa Bukoba. Jana nilikaa na mama mkwe nikamwomba anisaidie kuaga badala ya kuficha. Akaniambia jambo sikulitegemea: yeye hakuwahi kuaga wala kutoroka, kwa sababu watoto wake wote alikwenda nao shamba mgongoni. Mimi siku zangu 84 za likizo ya uzazi zilikwisha, nikarudi ofisini. Tumekubaliana yeye ndiye ambebe mlangoni, wanipungie mkono. Leo kalia, lakini kwenye mikono ya bibi yake.

Swali langu lingine: wenye watoto wanaolala kwa bibi wikiendi nzima, mnawaandaaje? Na akina baba mnaosafiri kikazi, mkirudi mtoto akawakataa, mnafanyaje?