Boma la Kukhu, kundi la WhatsApp la familia: Mercy anauliza aende nchi gani

JUMANNE

[19:42] Mercy: Mulembe familia. Naomba mnisikize na msinicheke. Mnajua bodi ya shule inanilipa elfu 12 na ya mwezi jana bado sijaiona, kazi ya ualimu ya serikali, ya TSC, nimengoja tangu nimalize digrii, hata zile nafasi za intani za elfu 20 nilikosa. Nimeamua nitoke nje nikafundishe Kiingereza. Shida ni nchi. Niko kati ya Korea, China na Thailand na kila nikilala naota nchi tofauti

[19:44] Senje: Korea ile ya sinema?

[19:44] Brayo: Ile ile Senje. Mercy atakula kabichi ya pilipili asubuhi na jioni na hapa hata omena anaiondoa kichwa 😂😂

[19:45] Baba Mercy: Brayo nyamaza. Mercy endelea.

[19:49] Mercy: Korea naipenda kwa sababu shule nyingi zinakupa nyumba na tiketi ya ndege. Lakini ajenti wa hapa Kakamega anasema Thailand ndiyo ya haraka, wiki tatu niko huko, anataka elfu 85 ya kuanza. Baba ameshapata mtu wa kununua ile ng'ombe ya mabaka, anakuja kesho asubuhi

[19:50] Senje: Ng'ombe ya maziwa?? Na mimi siambiwi?

[19:51] Baba Mercy: Nilikuwa nikwambie.

[19:58] Kevo Thai: Huku Thailand inaelekea saa sita usiku na kesho nina darasa saa mbili lakini hii lazima nijibu. Mercy, Korea futa. Viza yao ya walimu wa Kiingereza inaitwa E-2 na inataka pasipoti ya nchi 7 tu, Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Uongee Kiingereza mpaka ndege watue kukusikiza, hawaangalii mdomo, wanaangalia kava la pasipoti

[20:00] Senje: Wueh. Sisi tulivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiluhya shuleni, leo tunaambiwa Kiingereza si chetu

[20:01] Brayo: Warudishe viboko

[20:03] Mercy: Na China?

[20:09] Kevo Thai: China ni ngumu lakini haijafungwa kabisa. Hao wa Kiingereza cha kuzaliwa ndio wanapita mbele, ila wewe una digrii ya ualimu na umefundisha miaka miwili kwa hivyo shule inaweza kukuombea, inategemea mji na inategemea wanavyojisikia. Usikubali mtu akupeleke na viza ya biashara ama ya masomo halafu uingie darasani, hiyo ukishikwa unarudishwa nyumbani. Viza ya kazi ni Z na unaipata ukiwa bado Kenya. Halafu 2021 serikali yao ilibana biashara ya tuisheni, vituo vingi vikafungwa, kwa hivyo zile hadithi za akina fulani waliotajirika Beijing ni za zamani

[20:11] Mercy: Sasa si ni Thailand tu imebaki, na wewe uko huko. Nije tukae jirani

[20:18] Kevo Thai: Karibu, lakini nikwambie ukweli ambao sijawahi kuwaambia hapa. Mimi niliyesoma kwa Kiingereza tangu nikiwa mdogo nilifanyishwa mtihani wa Kiingereza ndio nipewe kazi. Mwenzangu wa kutoka Manchester, digrii yake ya uhasibu, hakuulizwa kitu. Tunakaa dawati moja, mimi ndiye namsahihishia vitabu vya gramma, na mshahara wake umenizidi. Mimi napata baht 25,000, ni kama laki moja ya huko, nyumba najilipia. Si mbaya. Lakini siku ya kwanza uchungu unakupata pale kwenye dawati

[20:20] Senje: Na hukuniambia Kevo. Mimi mama yako.

[20:20] Kevo Thai: Ungelia, Mama

[20:26] Mercy: Pole Kevo. Hebu angalia hii, ndiyo kandarasi ajenti alinitumia
📷 Picha

[20:31] Kevo Thai: Mercy hii usitie sahihi. Soma mstari wa nne. Juu wameandika chuo cha lugha Bangkok, chini wanasema utapokewa uwanja wa ndege halafu upelekwe kituo cha kazi MAE SOT. Hiyo ni karibu kilomita 500 kutoka Bangkok, ni mpakani kabisa, mto ukiuvuka uko Myawaddy, Myanmar. Ndiko zile kambi za utapeli ziko. Si mliona kwa habari Wakenya wakirudishwa? Waliahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta wamefungiwa mbele ya kompyuta wakitapeli watu, asiyefikisha lengo anapigwa

[20:32] Mama Mercy: Yesu wangu

[20:33] Kevo Thai: Na viza wameandika ya kutembea, "itabadilishwa baadaye". Mwalimu wa kweli anakuja na viza ya kazi inayoitwa Non-B na shule ndiyo inamfuatilia pamit ya kazi. Jina la huyo ajenti mtafute kwenye orodha ya NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali

[20:41] Brayo: Nimetafuta. Hayuko

[20:44] Baba Mdogo: Niko Malaba kwa foleni ya lori nimesoma yote. Mnauziwa mbuzi kwenye gunia. Mercy kwani Rwanda ina nini? Walitoka Kifaransa wakaingia Kiingereza 2008 na mpaka leo nikishusha mzigo Kigali nakutana na walimu Wakenya wa shule za praiveti. Unaenda na kitambulisho tu, na pamit ya kazi Mkenya halipii

[20:46] Mercy: Baba Mdogo Kigali si ng'ambo, hiyo ni kama Busia imefagiliwa

[20:46] Brayo: 😂😂😂

[20:47] Baba Mdogo: Busia ilikuandikia barua ya kazi lini?

[20:55] Kevo Thai: Mimi ningeweka Rwanda ya sasa na Japani ya baadaye. Japani mwalimu wa Kiingereza anaulizwa kama amesoma miaka 12 kwa Kiingereza. Wewe una 8 ya msingi na 4 ya sekondari, inatoshea

[20:56] Senje: Na darasa la kwanza mwalimu wake alifundisha kwa Kinyore, Kiluhya chetu, mwaka mzima?

[20:56] Kevo Thai: MAMA 😂

[21:10] Mercy: Sawa. Baba Mdogo nitumie majina ya hizo shule. Kesho naenda Huduma Center kuuliza cheti cha tabia njema, hicho kila nchi inataka. Na huyo ajenti amenipigia mara tatu tangu tuanze kuongea, sijashika

JUMATANO

[06:52] Mama Mercy: Yule wa ng'ombe amefika na kamba yake mkononi, anauliza afungue?

[06:53] Baba Mercy: Mpe chai. Kamba aende nayo.