Kongamano ni mkutano wa aina gani?

Mratibu:
Wanajukwaa, salamu. Idara yetu inaandaa shughuli ya siku mbili ambapo wahadhiri na wanafunzi wa uzamili watawasilisha makala kuhusu fasihi ya watoto, na tumegawanyika kuhusu jina la kuandika kwenye bango. Baadhi yetu wanataka "kongamano", wengine wanashikilia kwamba jina hilo ni la shughuli kubwa inayokusanya mamia ya watu kutoka nchi mbalimbali, kwa hiyo sisi wachache tujiite "semina" au "warsha". Mwenzetu mmoja amekwenda mbali zaidi na kudai kwamba kongamano ni neno la Kizungu lililovishwa kanzu, na kwamba "mkutano" linatosha. Je, tofauti ya maneno haya ni ukubwa wa shughuli, au ni jambo jingine?

Mhariri wa Zamu:
Ndugu Mratibu, idadi ya watu si kipimo. Tazama kinachofanyika ukumbini. Mkutano una ajenda, mara nyingi una akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo, una mwenyekiti anayeweza kuitisha kura, na hutarajiwa kutoa uamuzi. Ndiyo maana vitabu vya historia husema Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 hadi 1885, na ndiyo maana kikao cha Mombasa cha mwaka 1928, kilichokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, nacho huitwa mkutano, japokuwa mada yake ilikuwa lugha tupu.

Kongamano halina akidi. Mwasilishaji hupewa dakika zake, hadhira huuliza na kupinga, mwenyekiti wa kikao hukatiza muda ukiisha, kisha kila mtu huondoka na msimamo wake, pengine umetikisika kidogo. Hata likitoa maazimio, hayo ni mapendekezo tu kwa wenye mamlaka ya kuyatekeleza. Semina huwa na mwezeshaji anayejua zaidi na washiriki waliokuja kujifunza kwake. Warsha ni ya kazi za mikono, hata kama mikono hiyo imeshika kalamu: washiriki huingia na rasimu ya mtaala au orodha ya istilahi na hutarajiwa kutoka nayo ikiwa imekamilika. Kwa maelezo uliyotoa, shughuli yenu ni kongamano, hata mkiwa thelathini.

Msomaji wa Kamusi:
Naunga mkono, ila dai la neno la Kizungu lisipite hivihivi. Kiswahili kina kitenzi *kongamana*, yaani kukusanyika pamoja kwa wingi, na nomino imeundwa kwa njia tunayoijua vizuri: andamana hutupa maandamano, shikamana hutupa mshikamano, fungamana hutupa mfungamano. Tazama pia jirani zetu Waganda, ambao mkutano huuita *olukuŋŋaana*, kutokana na kitenzi chao cha kukusanyika; mfanano huo ni wa kibantu, haukupitia London. Kufanana kwake na "kongresi" ni kwa sikio tu.

Cha ajabu ni kwamba mwenzenu anayekimbia ugeni atatua kwenye "semina", ambayo chimbuko lake ni Kilatini na maana yake ya mwanzo ni kitalu cha miche. Sisemi neno hilo lina kasoro. Nasema ugeni hauwezi kuwa hoja ya kulikataa kongamano.

Mwalimu wa Kidato:
Mhariri ameeleza vizuri jinsi wanataaluma wanavyolitumia neno hili, na kweli vyama kama CHAUKIDU (Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani) na CHAKAMA (Chama cha Kiswahili cha Afrika Mashariki) huyaita makongamano yale makusanyiko yao ya kuwasilisha makala. Hata hivyo, matumizi ya kawaida yamepanuka kuliko hapo. Kuna kongamano la vijana, kongamano la wafanyabiashara, kongamano la maombi, na sioni namna ya kuyarudisha nyuma, kwa kuwa watu kukongamana ni maana halali ya kitenzi chenyewe.

Ninachokataa ni bango la "kongamano" ambalo ratiba yake ina msemaji mmoja kuanzia saa tatu hadi saa sita, kisha maswali mawili, kisha chai. Huo ni mhadhara, na mhadhara ni jambo la heshima lisilohitaji kukopa jina. Kama hakuna sauti nyingi zinazojibizana, kongamano liko wapi?

Mratibu:
Nawashukuru. Makala zilizokubaliwa ni kumi na nne, na kila moja imepangiwa mtu wa kuijadili, kwa hiyo hoja ya mwalimu haitugusi. Limebaki suala la maneno ya tangazo: tuandike "Kongamano la Fasihi ya Watoto" au "Kongamano Kuhusu Fasihi ya Watoto"? Na je, muhtasari wa makala tuuiteje?

Mhariri wa Zamu:
Andikeni "Kongamano la Fasihi ya Watoto". Ni fupi na linasomeka kwa mbali. Zingatieni upatanisho: kongamano hili litafanyika, makongamano haya yatafanyika, wala si "kongamano hii", kosa ninalolikuta kila wiki kwenye matangazo ya watu waliosoma. Muhtasari wa makala uiteni ikisiri, kwa sababu katika ofisi nyingi neno "muhtasari" limekwishazoeleka kwa kumbukumbu za vikao, na mtu anaweza kuwaletea maelezo ya nani alifungua kikao na nani alitoa udhuru. Tangazo la kuwaalika waandishi ni "wito wa makala", na tarehe ya mwisho ya kupokea ikisiri iandikwe juu kabisa, kabla ya orodha ya mada ndogondogo.