Mwanasayansi wa maabara akipewa ofisi ya utawala, nchi inapata au inapoteza?

Mwana wa Yombo: Wakuu, naleta hoja. Prof. Matthew Luhanga ni mhandisi wa mawasiliano, udaktari kaufanyia Columbia kule New York, halafu 1991 akapewa Umakamu Mkuu wa Chuo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akakaa hadi 2006. Miaka 15! Vichwa kama vile tulikuwa navyo vingapi? Tunamtoa mtu kwenye utafiti tunamfungia kwenye vikao vya seneti. Wa kusaini mafaili wapo tele, wa kufundisha saketi hatunao.

Binti Changanyikeni: Kaka, wewe unakumbuka chuo alichokikuta? 1990 kilifungwa, watu wakarudishwa makwao na masanduku yao. Yeye ndo akasimamia ule mpango wa mageuzi ya chuo, ITP (Institutional Transformation Programme), wa 93/94. Faiba zikavutwa kitivo hadi kitivo wakati maofisi mengi mjini hata imeili hawaijui. Asiyejua mawasiliano angeanzia wapi kuiona hiyo?

Mkweli 77: Kwanza turekebishane, injinia siyo mwanasayansi. Mngemtaja Prof. Mmari, mtu wa hesabu, aliyekuwepo kabla yake kisha akaenda kuanzisha Chuo Kikuu Huria, hapo sawa. Injinia ni fundi mwenye digrii.

Mhitimu FoE: Fundi mwenye digrii?? Mkuu hapo umenigusa pabaya na sipiti kimya. Mimi nimesoma uhandisi, chuo sikitaji, tulikuwa watu 12 kwenye osiloskopu moja, ile mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, kitufe cha kuzungushia kimeng'oka tunazungusha kwa koleo, mmoja anashika waya mwingine anaandika, zamu yako ikifika muda wa maabara umeisha. Usiku unakesha na hesabu za Fourier, zile za kuchambua mawimbi. Na kila tukiomba mashine nyingine faili linaenda kwa bosi asiyejua hata osiloskopu ni kitu gani, linarudi limeandikwa "subirini". Mi namtaka mwanasayansi kwenye kile kiti kwa sababu hiyo tu!

Mkweli 77: Sijamtukana mtu. Mwanasayansi anagundua, mhandisi anatumia kilichogunduliwa. Ndivyo tulivyofundishwa.

Binti Changanyikeni: Ulifundishwa na nani? Claude Shannon wa Marekani alikuwa injinia wa umeme, na nadharia ya habari (information theory) ya 1948 ni yake, simu yako inaendeshwa na hesabu zake.

Shemeji wa Survey: Jamani mada. Prof. Mukandala aliyempokea Luhanga kiti alikuwa wa sayansi ya siasa, na zama zake zimekuja hosteli za vitanda 3,840. Fani siyo hoja.

Mwana wa Yombo: Shem, zile ni amri ya Magufuli, wakajenga TBA, Wakala wa Majengo wa serikali. Tena msinitoe kwenye reli, mi sikuuliza kama Luhanga aliongoza vizuri, nimeuliza darasa lake alimwachia nani? Hakuna aliyenijibu.

Mkweli 77: Wamwachie fundi mwingine.

Mhitimu FoE: Unarudia tena! Ile osiloskopu niliifungua mwenyewe mwaka wa nne, nikabadilisha kapasita mbili nilizotoa kwenye redio mbovu ya mjomba, ikawaka, na wadogo zetu wameisomea. Sasa niambie wewe, Mkweli, pale nilikuwa fundi au mwanasayansi? Jibu hilo kwanza.