Waigizaji tupeane uzoefu: usaili wa tamthilia za TV, mlikuta nini ndani?

Wakuu, salaam. Matangazo ya usaili yamekuwa mengi tangu tamthilia zishike kasi kwenye ving'amuzi, na vijana wengi wanaingia hawajui kinachowasubiri. Naanza mimi.

Nimesomea TaSUBa, chuo cha sanaa Bagamoyo, mtu wa jukwaa. Niliitwa kujaribiwa nafasi ya mke mkubwa. Unasimama kwenye alama ya tepu sakafuni, unataja jina na umri, unageuka kushoto, kulia. Kisha unapewa karatasi moja: mume kaleta mke mwenza. Nikalia, nikapaza sauti mpaka viti vya nyuma. Mwongozaji akaniambia taratibu, "Dada, maiki iko hapo kwenye kanga. Mtazame kwanza mumeo, ndipo useme." Nikarudia kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Chumba kizima kikanyamaza, na nafasi nikapata. Kumsikiliza mwenzako kunaonekana usoni kabla hujafungua mdomo.

*Mdau wa pili:* Mimi niliambiwa nijirekodi nitume WhatsApp. Simu ilazwe kwa ubavu, uso uelekee dirishani, feni izimwe. Na lazima upate mtu wa kukusomea maneno ya upande wa pili; ukiyajibu ya hewani, macho yanakusaliti. Sijajibiwa mpaka leo. Inauma, ila natuma nyingine.

*Mdau wa tatu:* Da, hongera. Mimi niliambiwa nafasi yangu ipo, "tuonane jioni hotelini tumalizie." Sikwenda, akapewa mwingine. Wadogo zangu, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007. Tunza meseji zote, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, ni bure.

*Mdau wa nne:* Niko Mombasa. Watayarishaji walitoka Nairobi kutafuta mwanamume wa Pwani, na skripti ilijaa "yakhe" kila mstari. Nikaomba ruhusa niseme kama tunavyosema nyumbani Mji wa Kale. Wakakubali, wakaanza kuandika pale pale nilivyotamka. Nafasi yenyewe ilikuwa ya siku chache tu, lakini shangazi zangu waliitazama wakasema, "Huyu ni wetu."

*Mdau wa pili:* Kaka, hapo umenigusa. Na wale wanaotoza hela ya fomu ya usaili, kuna aliyewahi kulipa akaitwa kweli?