Mjadala: Mfanyabiashara aliyetubu bila kurudisha alichopunja, toba yake imekamilika?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, Bwana asifiwe, assalaam alaykum, na wasio na dini karibuni pia. Nina swali moja: mtu akitubu dhambi iliyogusa mali ya mwenzake, toba hiyo imekamilika kabla hajarudisha? Msimamo wangu nauweka wazi mapema kwamba haijakamilika, na naamini hapa ndipo tunapopotea tukizungumzia kukua kiroho. Tunahesabu mikesha na mifungo, tunajua nani kamaliza mafundisho ya uongozi, lakini hakuna anayemuuliza mwenzake habari za deni la dukani kwa jirani, wala habari za mizani.

Nichukue mfano wa viazi, maana ndiyo biashara ninayoifahamu. Anayenunua mzigo Njombe au Makete anaijua rumbesa. Gunia linajazwa, halafu linaongezewa kilemba kinachoshonwa kwa kamba juu, linatoka hapo ni gunia na nusu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka nenda miaka rudi. Sasa chukulia mnunuzi kafanya hivyo misimu mingi, kajenga, kasomesha, kisha kaokoka. Jumapili anasimama kushuhudia kwamba Mungu amemsamehe na kina mama wanapiga vigelegele. Mkulima wa Makete hajasikia lolote, na hasara yake iko palepale.

Waliotutangulia hawakulipita jambo hili. Uamsho wa Kikristo uliochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda na Kenya, kisha ukafika Katoke, Kagera, mwaka 1939, ulifahamika kwa hilo. Walokole, yaani waliookoka katika uamsho huo, walitaja walichofanya, wakaondoka, wakaenda kurudisha walichoiba, iwe mali ya jirani au ya mwajiri. Hata asiyependa mahubiri yao alikuwa na kitu cha kushika mkononi. Hatukurithi hilo. Tulichorithi ni nyimbo zao.

Mchangiaji wa Nairobi (mchungaji)

Ndugu yangu, nakuheshimu, lakini unatupeleka mahali pa hatari. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa kwenye Injili, alisema atarudisha mara nne baada ya Yesu kuingia nyumbani kwake. Hakuambiwa lipa kwanza ndipo nije kula kwako. Na yule mhalifu msalabani alirudisha nini? Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari, akaahidiwa paradiso siku ileile.

Mimi nahudumu mtaani, kwa watu wanaoishi kwa kibarua. Kuna mama aliyekuwa akichukua unga na sukari kwa mwajiri wake ili watoto wale. Leo ametubu, na bado hana kitu. Ukisema toba yake haijakamilika mpaka alipe, umewaachia wenye pesa peke yao mlango wa toba. Tajiri ataandika hundi na kulala usingizi. Huyu mama atabeba mzigo mpaka kaburini. Kukua kiroho ni kazi ya Roho, taratibu, na si mimi wa kumshikia mtu daftari la madeni.

Mchangiaji wa Tanga

Waalaykum salaam. Kwetu Waislamu jambo hili halina mzunguko mrefu. Masharti ya toba ni kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa dhambi imehusu haki ya mja, linaongezeka la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki au kumuomba akusamehe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza habari za muflisi wa umma wake, mtu atakayekuja siku ya kiyama na swala, saumu na zaka, ilhali kamtukana huyu na kala mali ya yule. Mema yake yatagawiwa kwa aliowadhulumu mpaka yaishe. Swala zake zilikuwepo kabisa, na hazikumlinda.

Utaratibu nao upo. Mwenye mali akiwa hai apewe mwenyewe. Akiwa amefariki wapewe warithi. Asipojulikana kabisa, mali itolewe sadaka kwa niaba yake, si kwa niaba ya aliyedhulumu. Asiye na uwezo kama yule mama wa Nairobi aombe msamaha kwa mwenye haki, na aweke nia ya kulipa atakapojaliwa.

Ila ndugu mleta mada, hapo kwa walokole kusimama na kutaja madhambi mbele ya watu sikubaliani. Mja akisitiriwa na Mola wake asijivue sitara. Rudisha haki kimyakimya. Na nisijifanye kwamba sisi tumesalimika. Sura ya 83 ya Kurani inaanza kwa ole wao wapunjao, tunaisoma, na sokoni wapo wa safu ya kwanza msikitini ambao mizani yao kila muuza samaki anaijua.

Mchangiaji wa Dodoma

Mimi ni mhasibu na nitasema kama mhasibu. Mtumishi aliyechukua fedha za ofisi akienda kukiri kwa bosi wake, amekiri kosa la jinai. Anaweza kufukuzwa kazi, akashtakiwa, akafungwa. Mke na watoto watabaki na nani? Anayehubiri urejeshaji awe tayari pia kuwalea hao watoto. Mimi naona alipe bila kujitaja jina, au aufidie mfuko huohuo wa kazi kwa njia yoyote ile, yaishe.

Mchangiaji wa Moshi

Mnakwenda mbali hadi Makete na Gahini. Naomba mniambie kuhusu dada wa kazi. Analala saa sita usiku, anaamka saa kumi na moja kuandaa watoto wa shule, na mshahara wake unacheleweshwa kwa sababu mama mwenye nyumba amechangia ujenzi wa kanisa. Akidai anaambiwa hana shukrani. Nimekaa kwenye vikundi vya maombi zaidi ya kimoja na sijasikia mtu akitubu hili, maana wengi hatulioni kama wizi. Biblia imelitaja waziwazi, mshahara wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi.

Mchangiaji wa Makete

Naomba na mimi mkulima niseme. Mnanijadili kama nimekufa.

Hela za misimu iliyopita sizitarajii. Walionunua kwangu siwakumbuki wote na wao hawanikumbuki. Ninachotaka ni gunia lipimwe msimu huu. Alikuja mnunuzi mmoja na mizani yake, akanunua kwa kilo, tukamfurahia sana. Alipofika sokoni Dar alikuta wenzake wameleta rumbesa, wanaweza kushusha bei na bado wakapata faida. Msimu uliofuata hakuonekana. Mtu huyo alitenda haki na soko likamtoa. Mahubiri yenu yanamsaidiaje?

Na sisi huku tuna ya kwetu. Wapo wanaoweka viazi vya kijani na vilivyooza katikati ya gunia, vizuri vinakaa juu. Mnunuzi anagundua akishafika mjini.

Mleta mada

Nimesoma yote. Mchungaji, hoja ya yule mama ni ya kweli na ndugu wa Tanga ameijibu kuliko mimi. Asiye nacho halipi leo. Lakini kati ya "nadaiwa na sina" na "sidaiwi tena" pana tofauti kubwa, na mimbari zetu zinawapa watu jibu la pili hata wale wenye nyumba tatu. Yule wa msalabani alikuwa hana mikono ya kurudishia. Mnunuzi wangu wa viazi anayo, na gari anayo.

Mhasibu, sheria ya Musa katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, ilimtaka mtu aungame, arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Gharama ilijulikana tangu mwanzo. Hata hivyo kuhusu watoto umenigusa. Kanisa likimshauri mtu akakiri kazini, limtafutie wakili na likae na familia yake. Likishindwa hayo, basi afuate njia yako ya kulipa bila jina. Siwezi kumlazimisha mtu aingie jela peke yake huku mimi nikiimba.

Mama wa Moshi, sina la kuongeza, ila naunga mkono lisomwe kanisani kabla ya matangazo ya ujenzi.

Ndugu wa Makete, wewe umeugeuza mjadala wangu. Nilikuwa nafikiria malipo ya nyuma, na wewe unadai mizani ya kesho. Nakubali kwamba mtu mmoja mwenye mizani atafilisika. Lakini wanunuzi wanaosali pamoja pale sokoni si mmoja. Wana kikundi cha maombi cha alfajiri, wanachangiana misiba na harusi. Kwa nini wasikubaliane kununua kwa kilo, wote, na hasara ya kushindwa bei waibebe pamoja kama wanavyobeba msiba? Hayo ndiyo maisha ya kiroho ninayoyaulizia. Nitalipeleka kwao, na najua wapo watakaonuna.

Linalobaki kunisumbua ni la mwenye mali asiyejulikana. Hesabu 5 inasema, aliyedhulumiwa akiwa hana hata jamaa wa kulipwa, malipo ni ya Bwana na anapewa kuhani. Ndugu wa Tanga anasema sadaka kwa niaba ya mwenyewe. Mimi naogopa mchungaji akiwa ndiye mpokeaji, kila tajiri atasema hawajui aliowapunja. Mnakumbuka Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alivyoagiza fedha alizotoa Rais William Ruto kwenye parokia ya Soweto, Kayole, zirudishwe. Sababu zao zilikuwa za siasa na harambee, si rumbesa, lakini nilijifunza kwamba kanisa linaweza kukataa pesa na likaendelea kusali. Mchungaji, wewe ungepokea?

Mchangiaji wa Nairobi (mchungaji)

Nisingepokea. Ningemwambia aipeleke Makete, kwenye zahanati au shule ya kijiji alikonunua, na jina la kanisa langu lisiandikwe popote. Hapo umenishinda na nakubali.

Lakini kumnyima meza ya Bwana, yaani ushirika mtakatifu, mpaka aende Makete, hapana. Ninajua mleta mada unalifikiria, kwa sababu hukulitaja. Nisingemnyima.

Mleta mada

Nalifikiria, ndiyo. Mathayo 5 inasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Imesema kwanza. Nisomee inavyosema kwako, tuendelee.