Naomba ushauri: maneno ya tiba ya viungo kwenye kadi ya mama

Habari zenu ndugu. Mama alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikakosa nguvu. Tunakaa Nkuhungu, Dodoma, na kila Jumatatu nampeleka mazoezi ya viungo. Kadi imeandikwa "hemiparesisi". Nimeelewa ni udhaifu wa upande mmoja, si kupooza kabisa kama "hemiplejia", na hilo limenipa moyo sana. Ila "spastisiti" (misuli kukaza) na "kontrakcha" (misuli kufupika na viungo kuganda) zinanichanganya. Vidole vyake vimejikunja ngumi. Nikivinyoosha polepole vinaachia, kisha vinarudi. Hii ni misuli kukaza tu, au viungo vimeshaanza kuganda? Naogopa kulazimisha nikamuumiza. Mliowahi kuuguza, na wataalamu wa fiziotherapia: nyumbani nimnyooshe mara ngapi kwa siku? Na bega nilishikeje ninapomgeuza kitandani, maana nimeambiwa nisimvute mkono?